Mfarishi wa Sare

Kisa hiki kimenipata mimi mwenyewe, si rafiki wa jirani. Na usije ukaniambia nilisinzia nikaota, maana ilikuwa mchana kweupe, ukumbini Kilakala, watu wamejaa na chai inanywewa.

Mimi si fundi cherehani. Nashona mifarishi kwa kujifurahisha tu, yale mashuka mazito ya vipande vilivyoungwa, na siku hiyo wapenzi wa kazi hiyo tulikuwa na maonyesho yetu. Wenzangu walileta ya rangi mpaka macho yanauma. Wangu ulikuwa wa kitenge kimoja cha bluu chenye maua ya njano, sare ya ukoo wetu tulipomwoza binti wa kaka yangu. Nilimwomba fundi anitengee mabaki ya nguo ya kila mmoja, nikamkatia kila mtu kipande chake cha mraba. Ukivitazama vyote ni sawa. Kipi ni cha nani nilijua mimi peke yangu.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, Uluguru yote imefunikwa na mawingu, na sakafu ilishakuwa tope tupu kwa miguu yetu. Ndipo akaingia bibi mmoja amejitanda kaniki. Alikuwa peku, na miguu yake ilikuwa mikavu, haina hata doa. Akaipita mifarishi ya wenzangu yote bila kuitazama, akaja kusimama kwangu.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Wewe umewahi kumwamkia mtu mzima akanyamaza? Basi unajua moyo unavyoshuka.

Akanyoosha mkono, akawa anagusa kipande kimoja kimoja kwa mgongo wa kiganja, kama unavyompima mtoto homa.

"Huyu ana joto," akasema, kwa lafudhi ya Waluguru wa kule juu. "Huyu naye. Huyu amepoa."

Nilishtuka. Kile kilikuwa cha mjomba, tuliyemzika mwaka juzi. Nikajifariji kwamba amebahatisha. Akaendelea, joto, joto, halafu akasimama tena. "Amepoa." Hicho kilikuwa cha marehemu mama yangu. Amini usiamini, kitenge ni kilekile, na wafu wetu wote wawili aliwapata.

Ningeukunja mfarishi wangu palepale, ila mikono ilikuwa mizito. Akafika pembeni, karibu na upindo, na hapo mkono wake ukakaa kuliko kote.

"Huyu anapoa."

"Hapana, bibi," nikasema. "Huyo ni mdogo wangu Rehema. Mzima kabisa, yuko Kingolwira."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha zaidi. "Mimi sijataja jina," akajibu, akatoka nje kwenye mvua. Katika tope lile lote hakuacha hata unyayo.

Nikampigia Rehema. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena huku nalia, sijali nani ananitazama. Akapokea anacheka, alikuwa anatwanga kisamvu, hakuisikia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Mama Zuhura wa meza ya jirani akaniletea chai, akanibembeleza, akausifia mfarishi. Kisha akauliza mbona kipande kile cha pembeni nimekishonea uzi mwingine.

Hapo nikakumbuka. Rehema ni mnene, gauni lake lilikula kitambaa chote, mabaki yake hayakutosha mraba. Nilikuwa nimemaliza uzi wa kwanza pia, nikaanza mwingine, nikaweka pale mabaki ya gauni langu mimi, ambaye sikuwa nimejikatia kipande.

Nilikifumua usiku uleule, nikaweka kingine kutoka gauni langu lilelile. Nacho kikapoa. Kila asubuhi kabla ya kusali naugusa mfarishi kwa mgongo wa kiganja: Rehema hamo, wengine wana joto, mimi sina. Siku hizi navaa soksi mchana, na joto la Morogoro unalijua. Rehema anauliza naumwa nini. Namwambia ni mvua.

Nawe unayetunza vipande vya nguo za watu wako, vitunze, ni upendo. Lakini akija mgeni asiyeitikia shikamoo, akanyoosha mkono, ukunje mfarishi wako haraka. Usimngoje afike pembeni.