Anatamba

Nilishuka treni Kigoma nikiwa na tiketi ya meli ambayo ilikuwa haijarudi kutoka kusini. Mji ulijaa watu waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa na mpaka. Chumba nilichopata mtaa wa Katubuka kilitazamana na ukumbi uliovuma ngoma kutwa. Mlangoni mwa ukumbi alisimama Honorata, mkimbizi kutoka Burundi. Nikamuuliza kama mwalimu wa ngoma ile yupo.

“Yupo ndani, anatamba.”

Nilidhani anamsengenya, maana Kiswahili changu kinasema anayetamba anajigamba. Honorata akacheka. “Kwetu gutamba ni kucheza ngoma, kaka. Ingia ujionee.”

Aliyetamba, kwa maana zote mbili, alikuwa mwalimu mwenyewe, Skolastika wa Kalinzi. Alianza kucheza kwenye harusi za kule milimani, kikundi kimoja cha Dar es Salaam kikamchukua, akazunguka nacho nchi za mbali mpaka goti lilipoharibika na kumrudisha nyumbani. Alifungua darasa hapa mjini. Wakimbizi walipozidi mjini, akawaita wacheze na mabinti wa Ujiji, na kutoka kwao akatunga ngoma mpya: mikono ikipanda kama pembe za ng'ombe, viuno vikifuata mwendo wa harusi za Ujiji. Neno la Honorata, “tamba!”, likawa somo la kwanza. Hakuna aliyeruhusiwa kucheza kabla hajajua kutembea ukumbini shingo imenyooka.

Siku hiyo alikuwa akipimwa. Kikundi chake cha zamani kilitafuta mtunzi na mwalimu, kikamtuma Bwana Abdulkarimu kumtazama. Kazi ile Skolastika aliitaka waziwazi. “Miguu ilirudi mapema,” aliniambia. “Kichwa bado kina safari.”

Mabinti walipomaliza kucheza, Abdulkarimu alikunja uso. “Ngoma nzuri, mwalimu. Ila kila mara ‘tamba, tamba!’ Sisi tunataka wachezaji, hatutaki maringo.”

“Haya, tuyatoe.” Skolastika akawageukia mabinti. “Macho chini. Mabega yaanguke. Rudieni.”

Hatua zilikuwa zilezile, lakini ungedhani wanatafuta sindano iliyopotea sakafuni. Mpiga ngoma mwenyewe alipoa. Abdulkarimu alivumilia kidogo, kisha akainuka.

“Basi, basi! Warudishie maringo yao!”

“Si uliyakataa, bwana?”

“Nimekosea. Na goti lako je?”

“Goti halifundishi.”

Abdulkarimu akacheka mpaka akakaa. “Jiandae. Tunaondoka wote.”

Siku ya treni tulimsindikiza mwalimu stesheni, mimi nikiwa bado nasubiri meli. Alimkabidhi Honorata funguo za ukumbi, akapanda, akachungulia dirishani.

“Meli yako vipi, mgeni?”

“Bado.”

“Basi baki utambe!”

Treni ikaanza kwenda. Mabinti walianza kulia, vichwa vikainama. Honorata akapiga makofi.

“Shingo juu! Bado anatuona!”

Vichwa vikainuka, mikono ikapanda kama pembe, mpaka behewa la mwisho likapotea. Mimi nilikuwa nimejikunja juu ya begi langu.

“Na wewe, kaka,” alisema Honorata. “Mabega!”