Milango Mia Mbili na Kumi na Moja

Mdogo wangu tunamwita Profesa tangu ana miaka sita, kwa ajili ya maswali yake. Alipokua akaenda kuyaulizia chuoni: bahari ikipanda, nani anahama, nani anang'ang'ania, na kwa nini. "Hiyo nayo ni kazi?" nilikuwa nikimwambia.

Shida ilikuwa wafadhili. Mara nne aliomba fedha za utafiti, mara nne wakamjibu yale yale: nchi yenu ndogo mno, watu wenu wachache mno. Kana kwamba maji yanaingia nchi kubwa tu! Mkuu wa chuo naye akamwambia wazi kwamba akikosa mara ya tano, mradi unafungwa na chumba chake wanapewa watu wa michezo. Alishika tama siku mbili. Siku ya tatu akajikaza kisabuni, akaja kwangu na daftari.

"Dada, tunapita mtaa wa chini, kule maji yanakoingia, mlango kwa mlango. Wote."

"Wote? Una wazimu wewe."

Lakini mimi ni fundi cherehani, wateja wangu wengi wako huko huko, na mtu wa chuo peke yake nani angemfungulia? Nikatangulia kubisha hodi. Miezi mitatu yeye akauliza, mimi nikaandika, miguu ikavimba.

Akaomba mara ya tano. Siku ya kuhojiwa na jopo la wafadhili, intaneti ya chuo ikakatika. Akakimbilia chumba changu cha kushonea, akaweka kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nikaonywa nisitie neno. Nikajibanza nyuma ya gauni la bibi harusi, pini mdomoni.

Mwenyekiti wa jopo, mama wa miwani, akaguna. "Sampuli yako ni ndogo. Nyumba mia mbili na kumi na moja tu?"

"Si sampuli," mdogo wangu akajibu. "Ndizo zote. Hatukuruka hata moja."

"Hata moja? Haiwezekani," akadakia mjumbe mwingine wa jopo.

Hapo nikachemka. Nikatema pini. "Haiwezekani nini! Hata kwa mzee mwenye mbwa tumeingia, sketi yangu ikachanwa!"

Mdogo wangu akafumba macho. Mungu wangu, nimemharibia.

"Na wewe ni nani, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Dada yake. Fundi."

"Huyo mzee alisemaje?"

"Mara ya kwanza alisema hahami ng'o. Mara ya tatu ndipo akasema kweli: hajui kusoma, anaogopa kutia dole gumba kwenye karatasi za kuhama. Nyumba kumi na tisa ziko hivyo hivyo, na wakubwa wanawaita wabishi."

Mwenyekiti akavua miwani. "Hilo nchi kubwa hazijatuambia," akasema.

Wiki tatu baadaye mdogo wangu aliingia mbio, simu mkononi. "Dada, tumeula!" Nikapiga vigelegele mpaka mteja niliyekuwa nampima akajishika kifua.

"Ila wametoa sharti," akasema.

"Sharti gani tena, watu hawa!"

"Uwemo. Mtafiti msaidizi. Bila wewe hawatoi."

Nilikaa chini nikalia, sifichi.

Kesho yake nikavaa ile sketi, nimeshaitia kiraka, nikabisha hodi kwa mzee mwenye mbwa.

"Nani?" akauliza.

"Mtafiti, baba. Lete hizo karatasi nikusomee."