Simba wa Mama Kwenye Lori la Hajji

Mwaka ule reli ilipofika Kasese, sisi wa Karambi tulikula magimbi bila chumvi. Asubuhi magimbi, jioni magimbi. Mvua ilikuwa imeharibu chumvi ya ziwa la Katwe, maharage yakaozea shambani, na mimi, Masika, mtoto wa kwanza wa mama, nilikuwa naota samaki mkavu hadi naamka na mate shavuni.

Ndipo Hajji, mwenye lori la kwenda sokoni Bwera, akaona maua ambayo mama alikuwa ameyachora kwa udongo mweupe kwenye ukuta wetu. Akaleta makopo ya rangi.

"Mama Masika, nichoree simba hapa kwa mlango ya lori. Nitakupa kikapu ya samaki, na chumvi juu."

Kikapu nilikiona kwa macho yangu, kimefungwa nyuma ya lori. Harufu yake! Hata leo nikinusa rangi ya mafuta, mate yananijaa mdomoni.

Mama alitafuna ncha ya kijiti ikawa brashi, akachovya kwenye rangi. Darasani hakuwahi kukaa hata siku moja. Alipomaliza na kusogea kando, nilishtuka, gimbi likanikwama kooni. Simba alikuwa na mabawa! Tumboni alikuwa na madirisha, na watu wamekaa ndani wanachungulia. Chini kabisa ya miguu yake ilikuwa milima yetu na theluji yake, midogo kama vichuguu. Wanawake waliokwisha kupanda lori na magunia yao ya kahawa waliruka chini wakipiga kelele.

"Hii ni simba ama ni shetani?" Hajji akauliza.

"Ni simba. Inaenda mwezini."

"Mwezini iko soko gani? Toa mabawa, mama, uchukue samaki yako."

"Mabawa sitoi. Tafuta mtu mwingine."

Nililia, "Mama!" Hakugeuka.

Hajji akaondoka na simba wake na kikapu chake. Nilipiga ukuta mateke. Nilidhani mama hasikii njaa. Mpaka nilipozaa wangu ndipo nikajua: magimbi yake nilikuwa nayala mimi.

Juzi mjukuu wangu Kabugho alinipigia simu analia. Huyu anachora picha za vitabu vya watu wanaoishi kwenye nyota, na picha zake zinavuka bahari, msione namsifu bure. Wenye kitabu wanataka ng'ombe aliyemchora akatwe mabawa, ama kazi apewe mwingine.

"Nyanya, niwaambie nini?"

Nikampa maneno, asiongeze, asipunguze:

"Mabawa sitoi. Tafuta mtu mwingine."