Pluto na Kihamba cha Baba

Kila Desemba ndugu zangu wawili wa kiume hupanda kutoka Dar kuja nyumbani Marangu, na kila Desemba hunikuta nimeshafagia uwanja, nimepika machalari ya ndizi na nyama na kumbadilishia mama shuka. Nilirudi hapa ndoa iliponishinda, nikabaki. Nafundisha sayansi shule ya msingi ya jirani.

Mwaka ule baba alikuwa ameshafariki, na ukoo ulipanga kukaa kugawa kihamba, lile shamba la migomba na kahawa alilolirithi kwa babu. Nilikuwa na ombi moja tu: kipande cha chini, karibu na mfereji, nijenge vyumba viwili, na siku yangu ikifika nizikwe hapo hapo. Sikuwa na kwingine.

Tukiwa tunawasubiri wazee, kaka mkubwa akaanza kujigamba kwamba bado anazikumbuka sayari zote tisa. Nikamwambia siku hizi ni nane. Pluto imeondolewa.

"Aisee! Kosa lake nini?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Ili kitu kiitwe sayari, lazima kilizunguke jua. Pluto inalizunguka. Lazima kiwe na uzito wa kutosha kujivuta chenyewe kikawa mviringo. Pluto ni mviringo. Tena lazima kiwe kimeisafisha njia yake, kisiigombee na vitu vingine. Hapo ndipo Pluto ilipokwama, maana njia yake imejaa mabonge ya barafu. Kwa hiyo ikaitwa sayari kibete.

"Lakini si inazunguka jua lile lile?"

"Lile lile."

"Basi huo ni uonevu," akasema, na mdogo wetu akamuunga mkono. Walikasirika kwelikweli, vikombe vya pombe ya mbege mkononi. Nikapata moyo, mjinga mimi.

Wazee wakafika. Nikawaamkia shikamoo, nikawapa viti. Baba mkubwa akagawa kama desturi yetu ilivyo: sehemu ya juu kwa mtoto wa kwanza, nyumba ya wazazi na sehemu ya chini kwa kitindamimba. Nikasimama, nikatoa ombi langu.

"Mwanangu, wewe ni mtoto wa hapa, hakuna anayekataa," akasema. "Ila kihamba hakigawiwi binti. Ulishaolewa, ukatoka."

Niliwatazama ndugu zangu. Mkubwa alikuwa anachokonoa meno. Mdogo alikuwa kwenye simu. Hasira ya siku ile sijaimeza hadi leo, wala sina mpango wa kuimeza.

Sikukuu zikaisha, wakateremka Dar. Mama bado namwogesha mimi. Wiki iliyopita kaka mkubwa alipiga simu, akaniuliza kwa utani kama Pluto imesharudishwa.

"Bado," nikamwambia.

"Maskini," akasema. Kisha akaniomba nimpalilie kahawa yake kabla ya mvua.