Pumzi ya Jiko la Mwanaarusi

Watu wote wa Kau, mji wa kando ya mto Tana, walijua kwamba Mwanaarusi hana masihara na jiko lake. Lilikuwa jiko dogo la shaba, la mafuta ya taa, lenye pampu ya kulitia pumzi. Alipewa na Dhadho, Mpokomo wa Golbanti aliyekuwa mpishi wa mzungu msafiri. Siku moja Dhadho alilifungua likiwa bado moto na pumzi ingali ndani, mafuta yakamrukia yakawaka, na tangu hapo hakuona tena. Mwanaarusi ndiye aliyemuuguza. Alipopona, Dhadho alimpa jiko lile kwa shukrani, akamfundisha kulihudumia kwa kupapasa.

Mwaka mmoja Tana ilifurika, maji yakafika ukingoni mwa baraza na kuni zote zikarowa. Ndani alilala Salama, bintiye Mwanaarusi, mzazi wa juzijuzi. Maziwa yalikataa kutoka, na kichanga kilikuwa kikilia sauti ikififia. Salama alihitaji uji wa moto wa pilipili manga ili maziwa yashuke, na uji ulikuwa jikoni nusu kuiva moto uliponywea ukazimika.

Kosa lilikuwa la Swaleh, mume wa Salama. Asubuhi, akitaka kumfurahisha mkwewe, alilisugua jiko kwa mchanga akalisuuza mtoni, kama inavyosuuzwa kila sufuria ya Kau. Maji na tope vikaingia ndani ya tangi la mafuta. Sasa, kwa aibu na haraka, alishika kifuniko cha tangi akaanza kukizungusha.

"Wata, mwanangu," Mwanaarusi alimwambia, akimshika mkono ili akiache. "Moto umekufa, pumzi haiyafa."

"Mtoto ana njaa, mama."

"Najua. Twangoja vivyo hivyo."

Kungoja kule kulimkata maini Mwanaarusi. Alilipeleka jiko pembeni mwa baraza, mbali na kuni zilizorowa walizojaribu kuziwasha, ambazo zilikuwa zikifuka moshi, akaliacha mpaka shaba ikashikika. Ndipo akageuza uso upande, akalegeza parafujo ndogo ya pumzi, kidogo kidogo. Jiko likafyonya, likafyonya kama mke mwenza, kisha likanyamaza. Hapo ndipo alipofungua kifuniko. Mafuta aliyamimina kibuyuni yatulie, tope na maji vikae chini, akayachuja ya juu kwa kitambaa kikavu. Kijitundu cha kupitishia mafuta alikizibua kwa unywele wa mkia wa ng'ombe. Sindano hakuitaka, Dhadho alimwonya kwamba sindano hukipanua, na jiko likishazoea kunywa sana halirudi.

Moto ukawaka wa buluu. Salama akanywa uji bakuli zima, na baadaye maziwa yakatoka, kichanga kikanyamaza kikimeza. Mwanaarusi alilia mbele ya mkwewe bila kuona haya.

Maji yalipopungua, Dhadho aliletwa kwa mtumbwi kuja kumpongeza mzazi. Mwanaarusi alimtandikia mkeka, akamsimulia jinsi Swaleh alivyotaka kulifungua jiko kabla pumzi haijatoka, naye akamzuia. Swaleh akasogea. Akapiga magoti, akauchukua mkono wa mzee akauweka usoni pake mwenyewe.

Dhadho akapapasa polepole. Nyusi zilikuwapo. Akagusa kope, jicho moja, kisha la pili, akarudia tena la kwanza, na hakuuondoa mkono mpaka machozi yake mwenyewe yakamfika kidevuni.