Chupa ya Fundi Yudith

Yudith alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka kanisani, alicheka msibani hadi ikambidi akajifiche nyuma ya migomba, na alicheka zaidi akifungua redio mbovu na kukuta mende amehamia humo na ukoo wake mzima. Watu wa Same walisema ukikitafuta kibanda cha yule binti wa Suji, simama stendi utege sikio tu.

Ufundi aliupata miaka ya dhiki, madukani kukiwa na rafu na muuzaji basi. Redio ikifa nyumbani ilikuwa kama kufiwa, maana nyingine hupati. Betri zilianikwa juani pamoja na mahindi, zirudishe nguvu kidogo za taarifa ya habari. Yudith, msichana wa shule wakati ule, alifungua redio ya jirani bila kuomba ruhusa, akaifunga ikiwa inaimba. Tangu hapo Suji nzima ikaacha kumwita mtundu, ikamwita fundi.

Suji nzima, ila baba yake. Mzee Gideoni alikuwa mzee wa kanisa na mgawa maji wa ndiva, bwawa la udongo linalojaa usiku ili mashamba yanyweshwe mchana. Kwake kazi ilikuwa jembe na maji. Shughuli za binti yake aliziita "mchezo wa nyaya", na neno fundi halikumtoka hata siku Yudith alipoifufua redio yake mwenyewe. Aliisikiliza, akaguna, akasema, "Imepona." Basi, yakaishia hapo.

Halafu biashara ikaachiwa huru. Redio mpya zikamiminika kutoka Dubai, zinang'aa na bei ya kutupa, na nani tena angehangaika na ya zamani? Kibanda alichofungua Same kikapoa. Baba akatuma salamu kutoka mlimani: mwisho wa mwezi nashuka na gunia, tukusanye vyombo vyako, urudi tulime tangawizi. Salamu hizo Yudith hazikumchekesha hata kidogo. Alikipenda kile kibanda kuliko kitu chochote duniani.

Mwisho wa mwezi ukafika, na asubuhi ya siku hiyo hiyo ya gunia akaja Aminieli, mfanyabiashara wa tangawizi wa Suji, amekumbatia kompyuta ya kukunja. Mwenyewe aliiita laptopu. Aliinunua mtumba Nairobi, na sasa haiwaki.

"Imeguswa na nani?" Yudith akauliza.

"Hakuna. Nilisafiri, nikamwachia mama."

Yudith akalegeza skurubu, akainua mfuniko. Jivu likamwagika mezani. Akalishika kwa vidole, akalinusa, akaanza kutetemeka mabega. Mama wa watu aliachiwa kitu cha thamani, akakitunza kama kila mama wa Upareni anavyotunza mbegu: ndani ya debe, kimefukiwa kwenye jivu, funza wasikipate.

"Aminieli, ndugu yangu," alisema huku machozi yakimtoka, "mama amekuwekea laptopu uipande masika!"

Aminieli alijaribu kununa, akashindwa. Wakacheka hadi Stumai, mama lishe wa kibanda cha pili, akaja na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Kicheko kilipokatika, kazi ikabaki palepale. Saketi ya ndani ilikuwa na vipande vidogo kama punje za ulezi, na jivu lilishanyonya unyevu, likaganda katikati yake. Maji yasingefaa. Ilitakiwa spiriti, na duka la dawa lilikuwa limeishiwa. Mzigo ulikwama njiani kwa mvua za Elnino.

Stumai alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, na watu wa kambini hawakwami ovyo. Akainama, akanong'ona, "Mbona mimi najua pa kupata kitu kikali kuliko hiyo spiriti?"

"Stumai! Mimi naimba kwaya!"

"Kwani nimekwambia unywe?"

Akarudi na chupa chini ya khanga: gongo, ile ya mwanzo kabisa kutoka kwenye mtungi, ukiipelekea kiberiti inawaka. Yudith akachovya mswaki, akasugua. Jivu likatoka. Harufu nayo ikatoka, ikavuka barabara, ikaingia stendi, na wapiga debe wawili wakaja kuuliza kama kuna bei ya jioni.

Wakati huohuo Mzee Gideoni akatokea mlangoni, gunia kwapani.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba." Pua yake ilishafika kabla yake. Akaitazama chupa, akamtazama binti mwenye macho mekundu ya kucheka. "Yudith. Umefika huku?"

"Naoshea, baba. Haki ya Mungu, naoshea!"

Hakungoja hukumu. Alipima kwa mita: umeme ulikuwa unaingia, halafu unapotea. Mahali fulani kipande kimoja kilikuwa kinaumeza wote. Kwenye redio angepapasa kwa kidole, kilichochemka ndicho. Hapa kidole kimoja kilifunika vipande kumi. Akamimina gongo zaidi, labda kuna jivu limebaki, na kwa pupa akachomeka waya wa umeme saketi ikiwa bado imelowa.

Mzee Gideoni alikuwa ameinama juu yake, kanzu ya hasira bado hajaivua. Lakini mtu aliyezeeka akikagua mifereji hawezi kuona majimaji akaacha kuyafuata kwa macho.

"Pale pamekauka," akasema.

"Wapi?"

"Pale. Kwingine kote kumelowa, pale pamekauka kwanza. Kwa nini?"

Yudith akaruka, almanusura apindue meza. "Kwa sababu panachemka! Ni kapasita, baba! Ndiyo inayomeza!"

Akaing'oa kwa pasi ya kuyeyushia risasi. Akafungua redio moja ya zamani iliyokosa mwenyewe, akatoa kapasita ya kufanana, kubwa, ikabidi ailaze ubavu ili mfuniko ufunge. "Mimina tena, baba, tuone!" Na mzee wa kanisa, bila kufikiri, akachukua chupa, akamimina. Safari hii gongo ikakauka polepole, kila mahali sawa. Yudith akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi, kikabaki cheusi, kisha kikawa buluu, na kompyuta ikalia mlio mdogo wa kuamka. Aminieli akapiga vigelegele kama mwanamke. Stumai akacheza na mwiko wake. Yudith alicheka akashindwa kusimama.

"Haleluya!" akanguruma Mzee Gideoni, mkono juu, chupa ndani ya mkono.

Ndipo mwinjilisti Yona, aliyekuwa akisubiri gari la kwenda Suji, akachungulia mlangoni, akifuata harufu kama wale wapiga debe.

"Mzee Gideoni," alisema taratibu. "Ni nini hiyo mkononi mwako?"

Yudith aliacha kucheka. Angeweza kusema neno moja tu mzee yule, kwamba ni ya binti, nami nimekuja kumchukua. Gunia lilikuwa pale pale chini ya miguu yake.

Mzee Gideoni akaitazama chupa. Akaitazama ile saketi, na kioo cha buluu. Kisha akainyanyua juu zaidi, hadi wapiga debe wakaiona.

"Hii?" akasema kwa sauti ya kugawa maji, ile inayofika bonde la pili. "Hii ni dawa ya fundi wangu. Na usiiguse, haijaisha kazi."

Akalikunja gunia, akaliweka juu ya benchi, akalikalia.