Paa Safi la Mama Zuhura

Mimi ni fundi wa mapaa, mtu wa Masasi. Juzi, mvua zikikaribia, niliitwa Newala kukagua paa la mgahawa wa Mama Zuhura. Nilikaza misumari, nikaziba matundu, kisha nikaongeza wema ambao sikuombwa: niliosha bati zote kwa sabuni ya unga. Povu likashuka na bomba, wala tone halikulowesha uwanja. Nikawasifu watu wa Newala kwa usafi.

Mchana Mama Zuhura aliniandalia ugali, akaninawisha mbele ya wateja. Beseni likajaa povu, na sabuni sijaigusa.

Akalitazama povu, kisha paa, kisha mimi.

“Baba, bomba lile linaingia kwenye tangi letu la kunywa. Huko juu ulikuwa unafanya nini?”

Nikasema nilikuwa nakagua. Wateja wakaweka vikombe vya chai chini, kimoja kimoja.